Anayeuza Cavachon atuonyeshe kwanza moyo wa mama yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumzie jambo ambalo baadhi ya wasomaji wataliona kuwa la watu wenye nafasi zao, lakini ambalo sisi tunaotibu wanyama hapa Dar es Salaam tunalikuta mara nyingi kuliko zamani. Nazungumzia mbwa wadogo wenye manyoya laini na masikio marefu yanayoning'inia, wanaotangazwa kwenye simu na katika matangazo madogomadogo ya magazeti kwa majina kama Cavachon na Cavapoo. Karibu matangazo yote hayo yanarudia ahadi tatu, kwamba mbwa huyu hapukutishi manyoya, kwamba hamsumbui mtu mwenye mzio, na kwamba kwa kuwa ni chotara basi hana maradhi ya mbwa wa asili moja. Ahadi ya kwanza ina ukweli nusu, ya pili haina ukweli, na ya tatu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, kwa sababu inamfanya mnunuzi asiulize swali ambalo lingemfaa kuliko yote, nalo ni hali ya moyo wa wazazi wa mbwa anayemnunua.

Cavachon ni chotara wa Cavalier King Charles Spaniel na Bichon Frise. Cavapoo ni ndugu yake kwa upande wa Cavalier, ila mzazi wake wa pili ni Poodle, na mengi nitakayoyasema yanawahusu wote wawili. Akikomaa, Cavachon kwa kawaida huwa na uzito wa kati ya kilo 5 na 9, na kimo chake begani ni kama sentimita 30. Huwa mweupe mtupu, mweupe mwenye mabaka mekundu ya kahawia, au mwenye rangi tatu, na macho yake makubwa ya mviringo ndiyo yanayomfanya mtu mzima atoe fedha bila kufikiri. Uchotara huu ulianza kushika kasi Marekani katika miaka ya 1990, na hadi leo vyama vikubwa vya mbwa duniani havimtambui kama kizazi kamili chenye vigezo vyake, kwa hiyo anayekuonyesha cheti cha "Cavachon halisi" amekuonyesha karatasi tu.

Kwa kuwa shida nyingi za chotara huyu zinatoka kwa mzazi mmoja, inafaa kumjua mzazi huyo. Mfalme Charles wa Pili, aliyetawala Uingereza kuanzia mwaka 1660 hadi 1685, alijulikana kwa kuandamana na spanieli wadogo kila aendako, na jina lake likabaki kwao. Katika karne ya 19 wazalishaji walipendelea mbwa wenye pua bapa, hata spanieli mwenye pua ndefu kidogo anayeonekana kwenye picha za kale akakaribia kutoweka. Mwaka 1926 Mmarekani aitwaye Roswell Eldridge alitangaza zawadi ya pauni 25 katika maonyesho ya mbwa ya Crufts, London, kwa atakayeleta spanieli wa umbo lile la zamani, na mwaka 1928 klabu ya Cavalier ikaanzishwa. Kizazi kilijengwa upya kutoka kwa mbwa wachache, kisha Vita vya Pili vya Dunia vikawapunguza tena. Matokeo yake ni kwamba Cavalier wa leo, awe amezaliwa Manchester au Nairobi, ana ukoo mwembamba sana, na kasoro zilizokuwa katika damu ya wale wachache zimesambaa kwa wote. Bichon Frise, mbwa mweupe wa mwambao wa Mediterania ambaye Wafaransa waliandika vigezo vyake mwaka 1933, ana ukoo mpana kiasi, lakini naye ana mizigo yake.

Kuhusu tabia sina ubishi na wauzaji. Wazazi wote wawili walichaguliwa kwa vizazi vingi kwa kazi moja ya kukaa na mtu, na mtoto wao ameirithi kazi hiyo bila kupunguza. Cavachon hupenda wageni, huelewana na watoto wanaojua kumshika, huvumiliana na paka, na hujifunza upesi ukimfundisha kwa kipande cha nyama na sauti ya upole badala ya fimbo. Upande wa spanieli haujasahau uwindaji wa ndege, kwa hiyo anaweza kumkimbiza kunguru hadi katikati ya barabara, na nje ya geti hana budi kuwa na kamba. Lakini anayemnunua kwa ajili ya ulinzi amepoteza fedha zake, maana mbwa huyu atabweka mara mbili geti likigongwa, kisha atamlaki mwizi kwa kutikisa mkia.

Hapo ndipo mbwa huyu anapogongana na desturi yetu ya ufugaji. Kwetu mbwa hukaa bandani mchana, hufunguliwa usiku, hula kilichobaki jikoni, na mbwa wetu wa kienyeji huweza maisha hayo kwa sababu maisha hayo ndiyo yaliyomlea. Cavachon akiwekwa hivyo hulia mchana kutwa, hujilamba miguu hadi ngozi inachubuka, na wengine hukataa kabisa kula mpaka mwenye nyumba arudi. Zipo nyumba nyingi mjini ambamo mbwa haingii ndani kwa sababu ya dini, na jambo hilo lina heshima yake. Ninachosema ni kwamba nyumba ambayo mbwa haruhusiwi kuvuka kizingiti, kwa sababu yoyote ile, haimfai mbwa huyu, na mwenye nyumba atamtendea haki zaidi akifuga mbwa wa kienyeji aliyechanjwa vizuri. Vivyo hivyo kwa wale wanaotoka alfajiri kuikwepa foleni na kurejea usiku. Mara nyingi anayebaki na mbwa huyo ni dada wa kazi, ambaye hakuulizwa kama anapenda mbwa, hakuonyeshwa namna ya kumchana, na pengine anamwogopa. Mbwa anapoletwa kwangu akiwa katika hali mbaya, yeye ndiye anayelaumiwa mbele yangu, na huwa sipendi kuyasikiliza maneno hayo.

Nirudi kwenye ahadi ya manyoya. Cavalier hupukutisha manyoya mwaka mzima, wakati manyoya ya Bichon huendelea kukua na yanayokatika hunasa humohumo katika mengine badala ya kuanguka sakafuni. Chotara wao anaweza kufuata upande wowote, na watoto wa mimba moja hutofautiana, mmoja akawa na mawimbi na kupukutisha kiasi, mwingine akawa na mikunjo na kutopukutisha karibu chochote. Muuzaji anayeapa kwamba wote watano hawatapukutisha anabahatisha. Zaidi ya hayo, yule asiyepukutisha ndiye mwenye kazi kubwa, kwa kuwa manyoya yaliyokatika na kubaki mwilini husokotana na mazima yakawa mafundo, hasa mbwa anapokuwa na umri wa miezi 8 hadi 12, wakati manyoya ya utotoni yanapoyapisha ya utu uzima.

Watu wengi hupitisha brashi juujuu na kuona mbwa amependeza. Anayetaka kujua kama mbwa wake amechanwa kweli achukue chanuo la chuma lenye meno membamba, ainue sikio, ayagawe manyoya kwa vidole mpaka aione ngozi, kisha apitishe chanuo kuanzia kwenye ngozi kwenda nje. Likipita bila kukwama, kazi imefanyika. Likikwama, lipo fundo ambalo brashi ilikuwa inalifunika kila siku. Mafundo hupenda kujificha nyuma ya masikio, kwapani, chini ya ukosi, ndani ya mapaja na kati ya vidole vya miguu. Fundo dogo hushikwa kwenye shina lake kwa vidole viwili ili ngozi isivutwe, halafu huchambuliwa kidogokidogo kuanzia nchani, na shughuli yote hufanywa mbwa akiwa mkavu, kwa kuwa fundo likilowa hukaza na kuwa gumu kuliko mwanzo. Wengi hufanya kinyume, wakamwogesha kwanza ili alainike, nao hushangaa kwa nini hali imezidi.

Kwa hali ya hewa ya pwani, kumchana hivyo mara tatu au nne kwa wiki ndicho kiwango cha chini, na kumpunguza manyoya kwa mkasi au mashine kila baada ya wiki sita hadi nane ni jambo la kupangiwa bajeti kabla ya kununua. Mbwa aliyepelekwa kuogelea baharini asuuzwe kwa maji ya baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, mchanga utolewe, akaushwe kwa taulo na feni, ndipo achanwe tena. Mafundo yakishafikia kuungana kama mkeka juu ya ngozi hakuna namna ila kunyoa yote, na chini yake tumekwisha kukuta vidonda vyenye unyevu, kupe waliojificha kwa muda mrefu na hata mabuu ya inzi. Naomba pia wenye mbwa wasimpelekee kinyozi wa mtaani, hata awe hodari kiasi gani kwa vichwa vya watu, kwa sababu ngozi ya mbwa ni nyembamba, mashine hupata joto upesi, na ncha ya sikio iliyozama ndani ya manyoya hukatwa kabla mtu hajaiona.

Masikio yenyewe yanastahili uangalizi wa kila wiki. Sikio refu lililofunikwa, lenye manyoya hadi ndani, katika mji wenye unyevunyevu kama huu, ni makazi mazuri ya fangasi na bakteria. Sikio zima halinuki. Likitoa harufu ya uchachu, likiwa na nta ya kahawia au mbwa akitikisa kichwa mara kwa mara na kujikuna upande mmoja, apelekwe kwa daktari kabla hajamwagiwa dawa iliyobaki ya mbwa mwingine, kwani ngoma ya sikio ikiwa imetoboka baadhi ya dawa hizo huweza kumletea uziwi. Pamba za vijiti zibaki kwa matumizi mengine. Macho hufutwa kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu, na manyoya yanayochoma mboni hupunguzwa na mtu mwenye mkono mtulivu.

Kuhusu mzio, maelezo ni mafupi. Kinachomfanya mtu apige chafya au abanwe kifua ni protini zilizomo katika mate, mkojo na vijigamba vya ngozi ya mbwa, na hakuna mbwa asiyekuwa na mate wala ngozi. Watafiti wa Uholanzi waliochapisha matokeo yao mwaka 2012 walipima protini kuu ya aina hiyo kwenye manyoya ya mbwa wanaosifiwa kuwa hawaleti mzio na ya mbwa wengine, na wakakuta kwamba hao wanaosifiwa walikuwa nayo nyingi zaidi. Mwenye pumu au mwenye mtoto wa pumu asinunue kwa kuamini tangazo. Akae na mbwa yuleyule anayetaka kumnunua, ndani ya chumba, zaidi ya mara moja, ndipo aamue, maana mbwa anayerudishwa baada ya miezi mitatu huwa amekwisha kuzoea watu, na kutengana huko humuumiza.

Sasa nije kwenye moyo. Upande wa kushoto wa moyo kuna vyumba viwili, na kati yake kuna valvu iitwayo mitrali, ambayo hufunguka damu ipite na kujifunga ili isirudi. Kwa Cavalier wengi valvu hiyo hunenepa na kukunjamana wakiwa bado vijana, ikashindwa kujifunga sawasawa, na damu ikavuja kurudi nyuma kila moyo unapopiga. Daktari akiweka stetoskopu upande wa kushoto wa kifua, pale kiwiko kinapogusa mbavu, badala ya mapigo mawili makavu husikia katikati yake mvumo kama wa upepo. Takriban nusu ya Cavalier huwa na mvumo huo wanapotimiza miaka mitano, na wanapofika miaka kumi ni karibu wote. Mbwa wa aina nyingine huupata ugonjwa huo pia, ila kwa kawaida uzeeni.

Je, uchotara hauondoi tatizo hili? Jibu linategemea namna ugonjwa unavyorithiwa. Yapo maradhi ya Cavalier ambayo ili mtoto augue ni lazima apokee jeni mbovu kutoka kwa baba na kwa mama, kama ule ugonjwa wa kukakamaa na kuanguka ghafla baada ya kukimbia, na ule wa macho makavu unaoambatana na manyoya yaliyojikunja tangu kuzaliwa. Bichon ambaye hana jeni hizo akizaa na Cavalier, watoto wao hawataugua, na hapo muuzaji ana hoja. Lakini ugonjwa wa valvu hauongozwi na jeni moja. Unatokana na jeni nyingi zinazoshirikiana, na mtoto hupokea nusu ya mzigo wa mzazi wake, uwe mkubwa au mdogo. Cavalier mwenye mvumo akiwa na miaka mitatu humpa Cavachon mzigo tofauti na ule anaoutoa Cavalier mwenye moyo safi akiwa na miaka sita. Na wanapoanza kuzalisha Cavachon kwa Cavachon, kama wanavyofanya sasa kwa sababu ni rahisi, hata ile nafuu ya jeni za kukutana mbili inaanza kupotea. Bichon naye huleta mawe ya kibofu cha mkojo, ngozi ya kuwashwa na meno yanayooza mapema, na wazazi wote wawili wanajulikana kwa pia ya goti inayochomoka mahali pake.

Mwaka 2024 watafiti wa Royal Veterinary College ya London walichapisha ulinganisho wa machotara watatu wanaopendwa Uingereza, akiwamo Cavapoo, na mbwa wa asili moja waliowazaa, kwa kutumia maelezo ya wenye mbwa zaidi ya 9,000 kuhusu maradhi 57 ya kawaida. Katika asilimia 86.6 ya ulinganisho huo hapakuwa na tofauti yoyote ya maana, na palipokuwa na tofauti, machotara walizidi wazazi wao kwa maradhi katika sehemu karibu sawa na zile walizopata nafuu. Cavachon hakuwamo katika hesabu hiyo, lakini dai la jumla kwamba chotara ni mzima kwa kuwa ni chotara haliwezi kusimama tena kirahisi.

Kinyume chake, tunajua jambo lililofanya kazi. Nchini Denmark klabu ya Cavalier ililazimisha wanachama wake kuwapima mbwa moyo kabla ya kuwazalisha na kuwaondoa wenye mivumo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miaka 8 hadi 10 hatari ya mvumo kwa mbwa waliozaliwa chini ya utaratibu huo ilikuwa imepungua kwa asilimia 73. Hapakuwa na uchotara wowote. Palikuwa na stetoskopu, mashine ya kuupiga moyo picha na wazalishaji waliokubali kumwacha mbwa wao mzuri asizae. Norway ilikwenda mbali zaidi. Mahakama ya Wilaya ya Oslo iliamua Januari 2022 kwamba kuwazalisha Cavalier ni kuvunja sheria ya ustawi wa wanyama, na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaafiki Oktoba 2023. Kumfuga hakukukatazwa, na uchotara unaopangwa kwa misingi ya kisayansi ulionekana kuwa njia inayoweza kufaa. Neno lenye uzito hapo ni kupangwa. Kumfungia Cavalier asiyepimwa pamoja na Bichon asiyepimwa nyuma ya nyumba na kuuza watoto wanaopatikana ni shughuli nyingine kabisa.

Aliyekwisha kumnunua asikate tamaa, kwani mbwa wengi wenye mvumo huishi miaka mingi bila dalili. Ampeleke asikilizwe moyo kila mwaka, na nyumbani ahesabu pumzi mbwa akiwa amelala fofofo, akichukua kila kupanda na kushuka kwa mbavu kuwa pumzi moja. Mbwa mzima akilala huvuta chini ya pumzi 30 kwa dakika. Hesabu ikianza kupanda siku kwa siku, au akikohoa usiku, au akasimama katikati ya ngazi alizokuwa akizipanda mbio, hiyo ni safari ya kwa daktari siku hiyohiyo. Kuwahi kuna faida inayopimika, kwa sababu dawa iitwayo pimobendan, ikianzishwa moyo ukiwa umepanuka lakini kabla mbwa hajazidiwa, ilionekana katika utafiti wa mwaka 2016 kuahirisha kuzidiwa huko kwa takriban miezi 15. Kwa mbwa wa umri wa miaka tisa, miezi 15 ni mingi.

Lipo pia tatizo la fuvu. Baadhi ya Cavalier wana fuvu dogo kuliko ubongo unavyohitaji, majimaji yakakwama na kutengeneza mashimo ndani ya uti wa mgongo, na maumivu yake ni makali. Mbwa hujikuna hewani karibu na shingo bila mguu kugusa ngozi, au hulia ghafla akibebwa. Chotara anayefanya hivyo asichukuliwe kuwa ana viroboto tu. Ndiyo sababu nashauri mbwa wote wa damu hii wavalishwe mkanda wa kifuani badala ya kamba ya shingoni.

Nina neno pia kwa madaktari wenzangu. Cavalier wengi huzaliwa na chembe sahani za damu, yaani zile zinazosaidia damu kuganda, zilizo kubwa na chache, ambazo mashine huzihesabu pungufu, ingawa damu yao huganda vizuri. Kwetu, palipo na kupe wa kahawia, chembe sahani zikiwa chache jambo la kwanza linalotujia ni erlikia, ugonjwa wa damu unaoenezwa na kupe hao, na mbwa huanzishiwa dawa ya wiki nne. Cavachon wa kizazi cha kwanza, yaani aliyezaliwa na Cavalier na Bichon wenyewe, kwa kawaida hana shida hiyo, lakini wapo wanaouzwa kwa jina hilo ambao ukiwatazama ni Cavalier kwa robo tatu, kwa hiyo damu ipakwe kwenye kioo na itazamwe kwa darubini kabla ya kuandika dawa. Hilo halipunguzi hatari ya kupe wenyewe. Mbwa huyu apewe kinga ya kupe mwaka mzima, na kila jioni apapaswe kwa vidole chini ya masikio na kati ya kucha, kwa kuwa kwenye manyoya hayo jicho halioni kitu.

Mengine ni ya mbwa yeyote na nitayapitia upesi. Chanjo ya kichaa cha mbwa na ya parvo haina mjadala, hata kwa mbwa asiyetoka nje ya geti. Matembezi yawe kabla ya saa moja asubuhi au baada ya jua kuzama, na lami ikikuunguza kiganja itamuunguza nyayo. Chakula kipimwe na kugawanywa mara mbili kwa siku, kwa kuwa wazazi wote wawili hunenepa kwa urahisi na kilo moja ya ziada kwa mbwa wa kilo 7 ni mzigo mkubwa kwa moyo wa namna niliyoieleza. Mbavu zisionekane, lakini zishikike kwa vidole. Vitunguu, zabibu, chokoleti, mifupa ya kuku iliyopikwa na peremende zisizo na sukari visimfikie. Meno yasuguliwe kwa dawa ya meno ya mbwa, na si ya watu.

Kuhusu kununua, Uingereza ina jambo la kutufundisha. Mwaka 2013 Cavalier jike aitwaye Lucy aliokolewa Wales kutoka kwenye shamba la kuzalishia mbwa, akiwa na nyonga zilizokakamaa na mgongo uliopinda kwa kukaa muda mrefu ndani ya kizimba. Alikufa mwaka 2016, na sheria iliyopewa jina lake ikaanza kutumika England tarehe 6 Aprili 2020. Sheria hiyo inakataza mfanyabiashara wa kati kuuza watoto wa mbwa na wa paka walio chini ya miezi sita, ili mnunuzi akutane na mzalishaji mwenyewe na amwone mama akiwa na watoto wake. Sisi tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, lakini sijawahi kumsikia mnunuzi akiitaja anapokabidhiwa mtoto wa wiki tano ndani ya boksi, kwenye maegesho ya magari, na mtu asiyemjua mama wa mbwa huyo.

Ndiyo maana nakuandikia wewe, Mhariri, badala ya kusubiri sheria nyingine. Gazeti lako hupokea matangazo ya watoto wa mbwa na kulipwa kwa ajili yake, na nadhani lina haki ya kuweka masharti. Ningependa kila tangazo la aina hiyo lieleze tarehe ya kuzaliwa kwa watoto, ambao wasikabidhiwe kabla ya wiki nane, na mahali ambapo mnunuzi anaweza kumwona mama yao. Kwa Cavachon, Cavapoo na mbwa yeyote mwenye damu ya Cavalier, litaje pia daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari aliyewasikiliza wazazi moyo, umri wa wazazi siku hiyo, na kilichosikika. Wazalishaji waangalifu wa nje hawamzalishi Cavalier kabla hajatimiza miaka miwili na nusu akiwa na moyo safi, na hutaka wazazi wake nao wawe walikuwa na mioyo safi walipofikisha miaka mitano. Muuzaji wa hapa akisema masharti hayo ni magumu, kumsikiliza mbwa moyo huchukua dakika chache, na katika mji huu madaktari wa kuifanya kazi hiyo wapo.

Wako mtiifu,

Daktari wa mifugo,
Kinondoni, Dar es Salaam